Lewis Fry Richardson: Mtu Aliyeipigia Hesabu Mvua Kabla Haijanyesha

  Mwaka huu nimeishika kalamu yangu kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake, ingawa kila jioni tunapofungulia redio na kusikiliza utabiri wa hali ya hewa tunakula matunda ya jasho lake.

Kabla sijafika kwake, nina neno na wenzangu. Kila kipindi cha hesabu kinapoanza, wapo miongoni mwetu wanaosinzia kana kwamba wamelishwa dawa, na wapo wanaonong'onezana chini kwa chini eti hesabu hizi za hasi na chanya zitawafaa nini baada ya mtihani wa kitaifa. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi hilo la pili, sifichi. Lakini hebu tukumbuke kidogo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Solai katika kaunti ya Nakuru lilipasuka, na maji yakashuka bondeni yakasomba nyumba watu wakiwa ndani. Zaidi ya watu 40 walikufa, wakiwemo watoto. Mwezi wa Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji ya mvua yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipata nguvu ya kupenya, nayo yakaja na mawe, matope na miti, alfajiri watu wakiwa wamelala. Wazee wetu nao hawajasahau mafuriko ya mwaka 1961, wala mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Je, mambo kama haya yanaweza kujulikana mapema? Je, mtoto wa shule anaweza kushiriki katika kuyajua? Bwana ninayetaka kuwasimulia aliyajibu maswali hayo yote mawili zaidi ya miaka 100 iliyopita, na alijibu kwa penseli na karatasi.

UTOTO NA MASOMO

Lewis Fry Richardson alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 katika mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake, David Richardson, alikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi, na mama yake, Catherine Fry, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa nafaka. Wazazi wote wawili walikuwa waumini wa Quaker, dhehebu ambalo hapa Kenya tunalijua kwa jina la Kanisa la Marafiki. Wenzetu wanaotoka Vihiga na Kakamega watatuambia kwamba Marafiki walifungua misheni pale Kaimosi mwaka 1902. Watu hawa wana msimamo mmoja usioyumba: hawashiki silaha, na hawaendi vitani kuua. Ushike vizuri msimamo huo, ndugu msomaji, kwa maana baadaye utamgharimu Richardson mambo mengi.

Alisoma katika shule ya Bootham mjini York, kisha chuoni Newcastle, na mwisho King's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alihitimu mwaka 1903 katika masomo ya sayansi kwa daraja la kwanza. Baada ya hapo hakutulia mahali pamoja. Leo yuko maabara ya taifa, kesho yuko chuoni anafundisha, kesho kutwa yuko katika kampuni ya kutengeneza taa. Jirani angesema huyu kijana ni jiwe linalobingirika. Kumbe kila mahali alikuwa akiokota kitu.

Mwaka 1906 aliajiriwa na kampuni iliyochimba udongo wa majimaji uliojaa mabaki ya mimea, aina ambayo Ulaya hukaushwa ikawa kuni. Shida ilikuwa maji. Walitaka kujua mitaro ichimbwe vipi ili udongo ukauke, ukizingatia mvua inayonyesha mwaka mzima. Milinganyo ya jinsi maji yanavyopita ardhini ilikuwapo, lakini ukiitazama inakutazama tu: hakuna mtu aliyeweza kuipatia jibu kamili kwa umbo la ardhi lisilo nyoofu. Richardson akajiambia kwamba kama jibu kamili halipatikani, basi litafutwe jibu la kukaribia, lenye kosa dogo linalojulikana ukubwa wake. Hapo ndipo ilipozaliwa njia yake ya kazi. Ligawe eneo lote katika nukta nyingi, kama miraba ya daftari la hesabu. Kila nukta ipe namba. Kisha tumia hesabu za kawaida tu, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kuona namba ya nukta hii inavyotegemea namba za majirani zake. Rudia tena na tena mpaka namba zitulie.

WAVULANA NA UKUTA WA BWAWA

Mwaka 1910 alipeleka njia hiyo kwa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mfano aliouchagua ni wa kutufurahisha sisi tuliozungukwa na maji ya Nile: ukuta wa bwawa la mawe, kama lile la Aswan nchini Misri, ambalo hupokea maji yanayotoka hata huku kwetu kwenye Ziwa Victoria. Swali lilikuwa hili: maji yanapousukuma ukuta, ni sehemu gani ya ukuta inabanwa na ni sehemu gani inavutwa, na kwa nguvu kiasi gani? Ukuta usiopigiwa hesabu hiyo ni hatari inayongoja siku yake.

Sasa nukta zilikuwa nyingi na hesabu zilikuwa nyingi zaidi, na tarakilishi zilikuwa hazijavumbuliwa. Richardson alifanyaje? Aliwatafuta wavulana, vijana wa rika letu sisi, akawapa kazi ya kukokotoa. Aliwalipa kwa kila nukta waliyoikamilisha, na malipo yalitegemea idadi ya tarakimu. Kwa namba za tarakimu tatu, kila nukta ililipwa sehemu moja ya sita ya peni. Mvulana mmoja aliyekuwa hodari sana alifikisha hesabu 2,000 kwa wiki. Zile alizokosea hazikuhesabiwa, hakuna cha huruma! Na unajua Richardson aliandika kwamba ni nini kilichowasumbua wavulana hao kuliko vyote? Ni kuchanganya alama za kujumlisha na za kutoa. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana nilijiona mimi mwenyewe nikiwa mbele ya ubao, kalamu ya chaki mkononi, sijui hasi mara hasi inakuwaje.

Lakini ukiacha kicheko, tazama jambo lenyewe. Watoto waliosoma hesabu za shule, bila digrii, bila mashine kubwa, walishiriki katika kazi ya kujua namna ya kujenga ukuta wa bwawa usiovunjika. Hakuna aliyewahitaji waelewe milinganyo yote. Walihitajika wawe waangalifu, basi.

Hebu nasi tujaribu kidogo, tuone kama ni uchawi. Chukua bwawa dogo la kijijini linaloweza kubeba mapipa 1,000 ya maji. Leo lina mapipa 700. Mvua inaingiza mapipa 200 kwa siku, na mfereji unatoa mapipa 80 kwa siku. Kanuni ni moja tu: maji ya kesho ni maji ya leo, ukijumlisha yaliyoingia na kutoa yaliyotoka. Siku ya kwanza tutakuwa na 820. Siku ya pili 940. Siku ya tatu 1,060, yaani limekwisha kufurika. Kwa hiyo watu wa bondeni wana siku mbili za kuhamisha watoto, mbuzi na magodoro. Sasa tuseme mfereji ukapanuliwa uweze kutoa mapipa 150 kwa siku. Bwawa litaongezeka kwa mapipa 50 tu kila siku, na litajaa siku ya sita. Tumenunua siku kadhaa kwa jembe na hesabu ya darasa la nne. Huo ndio mfano wa kihesabu, wenzangu. Ni namna ya kuishi kesho kwenye karatasi ili kesho yenyewe isikukute umelala.

MELI ILIYOZAMA NA MWANGWI

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 meli ya Titanic ilizama baada ya kugonga mlima wa barafu baharini, na watu wapatao 1,500 wakaangamia. Dunia nzima ilishika tama. Richardson hakushika tama kwa muda mrefu. Siku chache tu baadaye aliandikisha rasmi uvumbuzi wa kugundua vitu vilivyo mbele ya meli kwa kutumia mwangwi wa sauti hewani, na mwezi uliofuata akaandikisha wa pili wa kutumia mwangwi chini ya maji. Hesabu yake hata sisi tunaiweza. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Ukipiga mbinja na mwangwi ukarudi baada ya sekunde 4, sauti imekwenda na kurudi mita 1,360, kwa hiyo kilicho mbele yako kiko mita 680. Kifaa chenyewe hakukijenga kwa ajili ya meli wakati huo. Wengine walikuja kuendeleza fikira kama hiyo baadaye. Ila tunaona tabia ya mtu huyu: akisikia maafa, anauliza ni kipimo gani na ni hesabu gani ingeweza kuwaonya watu mapema.

MVUA KWENYE UBAO WA DRAFTI

Mwaka 1913 Richardson aliajiriwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, akapelekwa kusimamia kituo cha Eskdalemuir huko Scotland, mahali pa upweke, penye ukungu na mvua isiyokatika. Siku hizo utabiri wa hali ya hewa ulifanywa kwa kumbukumbu. Mtabiri alitazama ramani ya leo, akatafuta katika mafaili siku ya zamani iliyofanana nayo, akatumaini kwamba yaliyofuata wakati ule yatafuata na sasa. Richardson hakuridhika. Aliona kwamba wanajimu hawatabiri kupatwa kwa jua kwa kutafuta siku inayofanana. Wanapiga hesabu ya mwendo. Kwa nini hewa isifanyiwe vivyo hivyo? Profesa mmoja wa Norway, Vilhelm Bjerknes, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1904 kwamba kanuni za fizikia zinazotawala hewa zinajulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuzigeuza ziwe namba.

Richardson akaligawa anga la Ulaya kama ubao wa drafti. Kila mraba ulikuwa na upana wa kilomita 200 hivi, na juu ya kila mraba hewa aliigawa matabaka matano, kama ghorofa za nyumba. Katika miraba ya rangi moja aliandika kanieneo ya hewa, na katika miraba ya rangi nyingine aliandika mwendo wa upepo. Kisha akaandaa karatasi maalumu zenye mistari, kila mstari ukisema chukua namba hii, zidisha na ile, toa hii. Mtu yeyote aliyejua hesabu za kawaida angeweza kuzifuata.

Basi vita vya kwanza vya dunia vikapamba moto. Richardson alikataa kuua kwa sababu ya imani yake, lakini pia hakutaka kukaa nyumbani wenzake wakiteketea. Mwaka 1916 aliacha kazi na kwenda Ufaransa na kikosi cha wagonjwa cha Marafiki. Huko aliendesha ambulensi, akibeba majeruhi kutoka mstari wa mbele usiku, taa zikiwa zimezimwa, makombora yakilia kushoto na kulia. Na alipopata mapumziko alikaa juu ya lundo la nyasi kavu katika kibanda cha baridi, akaendelea na hesabu zake. Fikiria mwenzangu: sisi tukikatiwa stima saa moja tu wakati wa maandalio ya jioni, tunafunga vitabu.

Alichofanya ni kuchagua siku iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, ambayo vipimo vyake vilipatikana kwa wingi kwa sababu maputo yalirushwa sehemu nyingi za Ulaya siku hiyo. Alianza na hali ya saa moja asubuhi, akapiga hesabu ya mabadiliko ya hewa kwa muda wa saa sita katika eneo la Ujerumani. Kazi ya kuandaa karatasi na kukokotoa ilimchukua majuma sita.

Mwezi wa Aprili 1917, wakati wa mapigano ya Champagne, maandishi yake yalipelekwa nyuma ya mstari wa vita ili yawe salama. Yakapotea! Kazi ya miaka ikaenda na maji. Lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu: miezi kadhaa baadaye yalipatikana nchini Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe. Laiti mtu angewahi kuyawashia moto, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

JIBU LILIKUWA KOSA

Na jibu je? Hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu, na ndipo mimi nilipompenda mtu huyu. Hesabu ya Richardson ilisema kwamba katika saa sita kanieneo ya hewa itapanda kwa milibari 145. Ili uelewe ukubwa wa kituko hicho, kanieneo ya kawaida usawa wa bahari ni kama milibari 1,013, na hata tufani kali haibadilishi hewa kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo. Siku yenyewe ya 1910 barometa haikusogea sana. Yaani majuma sita ya kazi, utabiri wa muda wa saa sita, na jibu limekosewa kupita kiasi.

Mwingine angezichana karatasi. Mwingine, Mungu apishe mbali, angerekebisha namba kidogo kidogo mpaka zifanane na jibu la nyuma ya kitabu. Si tunawajua hao? Richardson aliandika kila kitu kama kilivyokuwa. Mwaka 1922 alichapisha kitabu chake, Weather Prediction by Numerical Process, na ndani yake akaweka vipimo vyote, hatua zote, na kosa lenyewe bila kulifunika. Akaeleza pia kwamba anashuku vipimo vya upepo alivyoanza navyo.

Alikuwa amekaribia ukweli. Miaka mingi baadaye mwanasayansi wa Ireland, Peter Lynch, alizirudia hesabu zile kwa tarakilishi, akazipata namba zilezile, na akaonyesha kwamba njia ya Richardson ilikuwa nzuri. Kasoro ilikuwa mwanzoni. Chukua mfano wa mtu anayetaka kujua kama Ziwa Victoria linajaa. Anachomeka kijiti ufukoni pale Kisumu, anapima wimbi linapokuja, anaona maji yamepanda nusu mita kwa sekunde mbili. Akizidisha hivyo mpaka jioni, atatangaza kwamba ziwa litafika Nairobi! Hajakosea kuzidisha. Amepima wimbi akidhani ni ziwa. Hewa nayo ina mawimbi yake ya haraka yasiyo na maana kwa hali ya kesho, na lazima yatulizwe kwanza kabla ya hesabu kuanza. Lynch alipoyatuliza, utabiri ule ulikuja na mabadiliko madogo ya kuaminika.

Turudi kwenye bwawa letu dogo. Kama aliyepima maji yanayoingia alisoma 260 badala ya 200, tungesema litafurika siku ya pili badala ya ya tatu. Hesabu ni sahihi, ila onyo si sahihi. Ndiyo maana walimu wetu hutusumbua tuonyeshe kazi yote. Anayeficha hatua zake hawezi kusahihishwa, na jibu lisiloweza kusahihishwa halimwokoi mtu.

KIWANDA CHA WATU 64,000

Katika kitabu hicho hicho Richardson aliweka ndoto yake. Aliwaza ukumbi mkubwa wa mviringo kama uwanja wa michezo, ukutani pamechorwa ramani ya dunia nzima, na kila mahali wamekaa watu wanaokokotoa, kila kundi na sehemu yake ya dunia. Katikati, juu ya mnara, anasimama msimamizi kama kiongozi wa kwaya. Wanaokimbia mbele ya wenzao anawamulikia mwanga wa waridi, na wanaochelewa anawamulikia mwanga wa buluu. Alikadiria kwamba watu 64,000 wangehitajika ili hesabu iende sambamba tu na hali ya hewa yenyewe. Na hakusahau kuweka viwanja vya kuchezea, milima na maziwa nje ya jengo, kwa sababu aliona kwamba wanaoipigia hesabu hewa wanapaswa kuivuta hewa safi. Watu walikisoma kitabu wakatikisa vichwa. Nani atawalipa watu 64,000?

ALIPOFUNGA MLANGO

Vita vilipokwisha alirudi katika Idara ya Hali ya Hewa, lakini mwaka 1920 idara hiyo ikawekwa chini ya wizara ya ndege za kivita. Richardson akajiuzulu. Alikwenda kufundisha fizikia katika chuo cha walimu cha Westminster, London. Mwaka 1926 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mwanasayansi. Mwaka 1929, akiwa na miaka 47, alipata digrii nyingine, ya saikolojia, maana elimu haina mwisho. Mwaka huohuo akawa mkuu wa chuo cha ufundi cha Paisley, Scotland, na aliendelea kuingia darasani kama mwalimu yeyote.

Alikuwa amechunguza pia jinsi moshi na vumbi vinavyotawanyika hewani. Kisha akagundua kwamba waliopenda zaidi utafiti wake huo walikuwa wataalamu wa gesi za sumu za vitani. Mke wake, Dorothy, alikuja kueleza kwamba jambo hilo lilimvunja moyo, akaacha utafiti wa hali ya hewa na kuyaharibu maandishi ambayo yalikuwa hayajachapishwa. Hasara ilioje! Lakini kwake yeye elimu iliyokusudiwa kuwaonya watu haikupaswa kutumiwa kuwaua. Nguvu zake zilizobaki alizitumia kutafuta, kwa hesabu vilevile, sababu za vita baina ya mataifa. Mwaka 1940 alistaafu mapema ili afanye kazi hiyo, ingawa kipato kilipungua sana. Yeye na Dorothy walikuwa wamewalea watoto watatu wa kupanga, na maisha yao yalikuwa ya kawaida kabisa.

MWISHO WAKE NA KILICHOBAKI

Mwaka 1950 nchini Marekani, Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann waliipa tarakilishi iitwayo ENIAC kazi ambayo Richardson aliifanya juu ya nyasi kavu. Utabiri wa siku moja uliichukua mashine ile karibu siku nzima, na safari hii majibu yalifanana na hali halisi. Charney alimpelekea mzee Richardson matokeo. Mzee alifurahi, akawapongeza, na akakiri kwamba hiyo ni hatua kubwa mno ukilinganisha na lile jibu lake moja lililokosewa. Hakuwa na kinyongo. Alifariki dunia usingizini tarehe 30 Septemba 1953, nyumbani kwake Kilmun, Scotland, akiwa na umri wa miaka 71.

Leo ule ukumbi wa watu 64,000 upo, ila watu wamegeuka kuwa mashine. Vituo vikubwa vya utabiri bado vinaigawa dunia miraba, mingine ikiwa na upana wa kilomita 9 hivi badala ya 200. Matokeo yake hufika hata Dagoretti Corner, makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiinyemelea pwani ya Tanzania, tahadhari zilitangazwa kabla hakijafika kisiwa cha Mafia. Hayo ndiyo matunda ya lile kosa la milibari 145.

Hata hivyo, wenzangu, mashine haipandi kilimani kumwamsha jirani. Utabiri usiosikilizwa ni sawa na utabiri usiokuwapo. Kwa hiyo naomba Chama chetu cha Kiswahili kishirikiane na wenzetu wa Chama cha Jiografia tufanye jambo dogo. Tuchukue mkebe wenye pande zilizonyooka, tuuweke uwanjani mbali na miti na paa, na kila siku saa tatu asubuhi tupime mvua kwa rula na kuandika. Mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 60 ukinyeshewa milimita 50 umepokea lita 300,000, na zote zinatafuta njia ya kwenda bondeni, kule wanakokaa watu. Tukiandika kwa Kiswahili chepesi na kubandika ubaoni, hata mama anayeuza maandazi langoni ataelewa ni siku gani ya kuhamisha jiko lake kutoka ukingoni mwa mto.

Na tukikosea tusifute. Tuandike tulivyokosea, ili atakayekuja baada yetu apate pa kuanzia. Hivyo ndivyo alivyofanya Richardson, na ndiyo sababu mimi siku hizi sisinzii tena katika kipindi cha hesabu. Ninachanganya bado hasi na chanya, lakini naonyesha kazi yote.

Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zangu. Tukutane toleo lijalo, Mungu akitujalia uhai.